Joto Lililokomaa

Mimi si mtu wa kuisema vibaya nchi iliyonipokea. Jamhuri ya Vukuto ilinipokea vizuri, tena kwa kunipepea, na haya ninayoyasimulia nayasimulia kwa shukrani tupu. Ikiwa kuna mahali msomaji atahisi kwamba nacheka, ajue ni meno yanagongana tu.

Tulihamia Vukuto mimi na mume wangu Mbwana tukitokea milimani, nchi ya jirani, ambako sakitu nyeupe hulala juu ya viazi na maji ya kwenye ndoo hufanya ganda asubuhi. Huko nilimzika mwanangu wa kwanza. Alikuwa hata kukaa hajaweza. Kifua kilimbana katika wiki ya baridi kali, na moto tulikuwa nao, na mablanketi tulikuwa nayo, lakini havikumsaidia. Nilipojua nimebeba mimba nyingine nilimwambia Mbwana kwamba huyu hatazaliwa hapa, tutafute jua popote lilipo.

Na jua Vukuto lilikuwepo. Lilikuwa kwenye bendera, kwenye noti, na kwenye kofia za askari. Katiba ilianza na maneno haya: "Vukuto ni nchi ya joto, na itabaki kuwa nchi ya joto." Wizara kubwa kuliko zote ilikuwa Wizara ya Joto na Furaha ya Wananchi, na waziri wake, Mheshimiwa Chamoto, alikuwa amekalia kiti hicho miaka mingi bila doa, maana katika uongozi wake wote jua halikukosa kuchomoza hata mara moja. Watu walimsifu kwa hilo, naye alipokea sifa kwa unyenyekevu.

Watu wa Vukuto wana desturi moja nzuri. Mgeni akiingia nyumbani, kabla hajaulizwa hali, anapepewa. Kila nyumba ina pepeo za ukili zimetundikwa karibu na mlango. Mwenyeji anachukua mmoja anakupepea, wewe umetulia kitini, na haachi mpaka wewe mwenyewe unyooshe mkono umshike wake. Kumshika mkono ndiko kusema ahsante, inatosha. Kuacha kupepea kabla hujashikwa ni tusi, na nimesikia ndoa zilizovunjika kwa kosa hilo. Mkubwa hupepewa na wengi. Mtoto mchanga naye, siku ya kupewa jina, hupepewa na mtaa mzima, kisha mama yake anashika mkono kwa niaba yake. Kabla ya siku hiyo mtoto hana jina, na kwa sheria ya Vukuto mtu asiye na jina hajawa mtu.

Niliipenda desturi hiyo, sina haja ya kuficha. Nilipojifungua mtoto wa kiume, jirani yetu Bi Kidawa, ambaye pia ndiye mjumbe wa mtaa, alikaa kando ya kitanda changu akinipepea huku akiniimbia. Ni mama mnene, mwenye mikono mizito na moyo laini. Jasho lilinitoka, upepo wake ulinikausha, na nikamwambia Mbwana kwamba sasa tumefika.

*

Mtoto alikuwa bado kitovu hakijadondoka nilipotoka asubuhi moja kuanua nepi, nikazikuta zimekauka zikawa ngumu kama mbao. Nilipoichukua moja ilitoa mlio. Nyasi za uani zilikuwa nyeupe. Mtu mwingine angeshangaa. Mimi niliitambua palepale.

"Imenifuata," nilimwambia Mbwana.

"Nini?"

"Baridi. Imenifuata mpaka huku."

Mbwana alifunga dirisha haraka. "Usilitaje jina hilo, Sikitu. Huku hakuna kitu hicho. Katiba imekikataa."

Tukawasha redio, kwa kuwa katika Vukuto mtu hajui anavyojisikia mpaka atangaziwe. Mheshimiwa Chamoto alikuwa anahutubia. Sauti yake ilikuwa na mtetemo, na mtangazaji alieleza kwamba huo ni mtetemo wa hisia za kizalendo.

"Ndugu wananchi," alisema, "yako maneno yanayozagaa vijiweni kuhusu weupe ulioonekana kwenye majani. Napenda kuwahakikishia kwamba wataalamu wetu wameuchunguza weupe huo kwa kina, na wamethibitisha pasi na shaka yoyote kuwa ni joto. Si joto lile la zamani, joto changa, la kuwatoa watu jasho ovyo ovyo. Hili, ndugu wananchi, ni joto lililokomaa! Na joto likishakomaa, mwili usio na uzalendo huchanganyikiwa, ukadhani umekutana na kitu kingine. Kwa hiyo ukimwona mwenzako anatetemeka, tambua kuwa joto limemzidi. Usimwache! Mpepee!"

Kisha yakafuata maagizo. Blanketi likawa kitu cha magendo. Moto wa jikoni uliruhusiwa, ila kuukaribia bila sufuria mkononi ikawa uchochezi. Na kubwa kuliko yote, ikawa marufuku kushika mkono wa anayekupepea. Mheshimiwa alifafanua kwamba katika kipindi hiki anayeshika mkono anadai kuwa amepoa vya kutosha, na katika nchi ya joto hakuna mtu aliyepoa vya kutosha.

*

Unaweza kukisia yaliyofuata, lakini nitayasema hata hivyo, maana nilivutiwa sana na jinsi watu walivyotii.

Aliyeingia ofisini alipepewa, na kwa kuwa hakuruhusiwa kushika mkono, hakutoka. Muuza duka wa mtaani kwetu alimpepea mteja aliyefuata sukari, mteja kwa adabu naye akampepea muuza duka, wakabaki hivyo mpaka wake zao wakaja kuwatazama, nao kwa adabu wakachukua pepeo. Askari walizunguka na kaptula zao wakinusa moshi, magoti yakiwa na rangi ya jivu. Neno kutetemeka lilifutwa, kukawekwa mahali pake kucheza kwa furaha. Mabalozi wa nchi za nje walipopita barabarani waliandikwa magazetini wakisema hawajapata kuona taifa lenye furaha kiasi hicho.

Sisi tulikuwa na blanketi letu moja la kutoka milimani. Mbwana, ambaye alitaka uraia kuliko kitu chochote, alilipeleka mwenyewe kituoni, akapokewa kwa makofi. Mablanketi ya magendo yaliteketezwa hadharani kila asubuhi. Askari waliyazunguka kwa karibu sana kuhakikisha yanaungua polepole na bila haraka. Wananchi nao walijitokeza kwa mamia kushuhudia. Sijawahi kuona uzalendo wa aina hiyo, wa watu kugombania mstari wa mbele na kunyoosha viganja kuelekea kwenye ushahidi.

Mimi sikwenda. Mtoto nilikuwa nimemweka kifuani, ngozi kwa ngozi, nikamfunga kanga mbili na juu yake kanzu ya Mbwana ya kulalia, nikasema kwa kila aliyeuliza kwamba uvimbe ule ni tumbo la uzazi, halijarudi bado. Lakini nilipomtoa kumsafisha niliona midomo yake imebadilika rangi. Rangi hiyo naijua. Niliiona mara moja maishani, na niliapa sitaiona tena.

Nikampeleka hospitali. Muuguzi wa mapokezi aliuliza jina la mtoto. Nikamwambia hajapepewa bado, hana jina.

"Basi mama, hujaja na mgonjwa," alisema kwa upole. "Mlete akishakuwa mtu."

Ndani ya wodi nilisikia pangaboi zikizunguka kwa nguvu zote juu ya wagonjwa waliozidiwa na joto. Daktari mmoja alitoka kuvuta pumzi koridoni. Alimtazama mtoto, akatazama kulia na kushoto.

"Usimpepee," alinong'ona. "Mkumbatie hivyohivyo, usimtoe hata kidogo." Kisha akapaza sauti, "Mpepee sana, mama!" na akarudi ndani.

*

Nilikuwa nimeamua kuiahirisha sherehe ya jina kwa kila hila. Nilikuwa tayari kusema nimeugua, kusema mtoto ni pacha na mwenzake hajafika, kusema lolote. Bi Kidawa akaja mbio, anahema, anacheka.

"Mwanangu, una bahati ya mtende wewe! Mheshimiwa Chamoto mwenyewe anakuja kumpepea mtoto wako! Na televisheni!"

"Bi Kidawa," nilisema, "kwa nini mwanangu mimi?"

"Kwa sababu nyie mmetoka huko kwenye... kwenye ile." Alishusha sauti. "Mheshimiwa anataka mseme mbele ya watu kwamba ile mnaijua, na huku haipo. Mkisema, mnapewa uraia papo hapo. Msiposema..." Aliona mikono yangu imekakamaa akaanza kunipepea kwa mapenzi yote, huku machozi yakimlengalenga kwa kunionea huruma ya joto.

Mbwana alinisihi. "Maneno mawili tu, Sikitu. Tukifukuzwa tutarudi wapi? Kule kwenye kaburi?"

Aligusa mahali penyewe. Mimi nilikuwa naiogopa milima ile kuliko waziri yeyote.

Jukwaa lilijengwa uwanjani. Mheshimiwa Chamoto alifika na shati la mikono mifupi, akitembea kama mtu aliyeazima miguu. Nyuma yake walikuwa wapepeaji wa serikali, na nyuma ya hao mtaa wetu wote, kila mtu na upepeo wake. Nilisimamishwa mbele ya kipaza sauti.

"Mimi baridi naijua," nilisema, na watu wakashtuka kwa kulisikia neno lenyewe. "Ilimchukua mwanangu wa kwanza. Naijua inavyoingia na inavyokaa." Nilimtazama Mbwana, aliyekuwa ananiomba kwa macho. "Hapa sijaiona."

Makofi yalipigwa marefu kuliko yote niliyowahi kusikia, kwa kuwa watu walikuwa wamegundua kwamba kupiga makofi kunapasha mikono. Mheshimiwa ilibidi awasihi waache.

Kisha wakamtoa mtoto kifuani kwangu. Walimfungua kanga ya kwanza, wakamfungua ya pili, wakamlaza juu ya meza yenye kitambaa cha bendera, na Mheshimiwa akainua upepeo akaanza. Mtaa mzima ukamfuata. Upepo ulivuma uwanjani kutoka kwenye mikono ya watu wema, watu walioniletea uji na kunifulia nguo, nao walikuwa wanampepea mwanangu kwa baraka, wengine wakimwombea dua.

Mtoto alilia. Kilio hicho nilikivumilia. Halafu akanyamaza, na kunyamaza huko sikuweza kukuvumilia. Nilinyoosha mkono kushika wa Mheshimiwa, askari akanivuta nyuma kwa bega.

Mheshimiwa akainama karibu na mtoto ili kamera iwachukue wote wawili. Na wewe uliyewahi kulea unajua mtoto mchanga alivyo, ukimgusa kiganja anafumba. Kidole cha waziri kilipita karibu. Mwanangu akakishika.

Pepeo zote zilisimama. Mbele ya taifa zima, mtu alikuwa amesema inatosha.

Mwanasheria wa wizara alikohoa. "Mheshimiwa, hilo ni kosa chini ya agizo la..."

"Nyamaza," alisema Mheshimiwa.

Hakukitoa kidole chake. Alibaki ameinama, mgongo umepinda, na nilikuwa karibu kiasi cha kumsikia alichosema, ambacho redio haikukitangaza. Alisema, "Ana joto." Akasema tena, taratibu, kama mtu anayejisemea kitandani, "Huyu ana joto kweli." Macho yake yalijaa maji. Nilijipenyeza nikamfunika mtoto, nikamrudisha kifuani pangu, na hata hapo waziri alikuja na kidole chake, akasogea nacho, hataki kuachwa.

Wakati huo nilimpenda Mheshimiwa Chamoto, nasema kweli. Nilidhani sasa atasema. Atageukia kamera aseme jamani, kuna baridi, washeni moto.

Aligeukia kamera. Akajifuta macho.

"Ndugu wananchi," alisema, "leo serikali yenu imegundua chanzo kipya cha joto la taifa!"

*

Mwanangu alipewa jina la Chanzo, bila kunishirikisha. Ilitangazwa kwamba kesho yake saa nne atapelekwa Ikulu, akalale katika viganja vya Mheshimiwa Rais, ambavyo navyo, tuliambiwa, vilikuwa vimekomaa mno. Baadaye atazungushwa mikoani. Mbwana aliteuliwa hapohapo kuwa Baba wa Chanzo, cheo chenye kiti wizarani, naye akatabasamu mbele ya kamera huku watu wakimpepea.

"Mheshimiwa," nilisema, "joto hilo ni langu. Analipata hapa kifuani. Mkimtenga nami atapoa kabla ya kikombe cha chai."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mshamba. "Joto la taifa halipoi, mama."

Tulirudi nyumbani. Mbwana alikaa chini. Kisha akaingiza mkono ndani ya kanga, akaishika miguu ya mtoto, akaishika muda mrefu.

"Miguu yake, Sikitu," alisema.

"Najua."

"Mimi nililipeleka lile blanketi. Kwa miguu yangu mwenyewe."

Mimi nilikuwa tayari nafungasha.

Asubuhi tulitoka mapema. Bi Kidawa alikuwa mlangoni kwake, kazi yake kama mjumbe ikiwa ni kutoa taarifa ya kila anayehama. Aliona mizigo. Kwa mazoea akainua upepeo wake kutuaga, na mkono ukabaki juu. Halafu aliuteremsha, akavua kanga yake ya mabegani, akamfunga nayo mtoto juu ya zile mbili, akichomeka ncha vizuri shingoni.

"Njoo nasi, Bi Kidawa."

"Nije nikaseme nini huko, mwanangu? Mie toka nimezaliwa nasema hapa ni joto." Alikuwa anatetemeka mwili mzima. "Nendeni. Mie nacheza kwa furaha tu hapa, sijaona mtu."

*

Mpakani kulikuwa na foleni iliyofika mpaka barabara kuu. Watu walivaa nguo juu ya nguo, wamevimba kama magunia, na kila mmoja aliulizwa sababu ya kuondoka. Sababu iliyokubalika ilikuwa moja.

"Joto limezidi," alisema mzee aliyekuwa mbele yetu.

"Pita," alisema askari. "Naona leo limewazidi wengi."

Nilikuwa nimefika kwenye kizuizi. Ng'ambo yake niliiona njia ya milimani na ukungu juu yake, milima ileile niliyoikimbia. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema joto limezidi, redio ya kibandani ikatangaza kwamba Chanzo ametoweka, na watoto wote wafunuliwe.

Askari alinyoosha mkono akaishika kanga ya Bi Kidawa. Wenzake wawili wakasogea. Niliwatazama, nikaanza kulia, na machozi yalikuwa ya moto kuliko kitu chochote pale.

Nyuma yangu Mbwana alisema, "Kuna baridi."

Hakupiga kelele mara ya kwanza. Alisema kama mtu anayetoa habari. Askari aliiachia kanga. Foleni nzima iligeuka.

"Kuna baridi!" Sasa alipaza sauti, akitoka kwenye mstari, akirudi nyuma kuelekea barabarani ili wamfuate. "Baridi, jamani! Mwanangu ana baridi! Mimi mwenyewe nina baridi, na wewe unayo, na yule pale anayo!"

Askari wote walimkimbilia, hata wa kwenye kizuizi. Watu katika foleni walitazama viatu vyao. Ungedhani angalau mmoja angeitikia, kwa jinsi midomo yao ilivyokuwa. Hakuna aliyeitikia.

Mimi nilipita. Sikukimbia, kwa sababu kukimbia kungemfungua mtoto. Nilimsikia Mbwana akirudia neno lake, mara mbele, mara nyuma, wakimzunguka, mpaka sikumsikia tena.

*

Sasa niko milimani kwa mama yangu. Sakitu inalala juu ya viazi kama zamani. Mtoto yu hai, ananyonya, ameanza kunifuata kwa macho. Jina la kwetu hajapewa, namngojea baba yake.

Redio ya Vukuto inashika hapa vizuri. Ilisema kwamba mgeni mmoja aliyezidiwa na joto mpakani yuko wizarani anatibiwa kwa kupepewa, na kwamba watampepea mpaka atakapokiri kuwa kuna joto. Kila jioni husema hajakiri. Najua wanataka nimwonee aibu. Mimi najivunia, na wakati huohuo natamani akiri, aseme uongo wote wanaoutaka, aje nyumbani.

Majirani wanaingia kutuona. Wanapiga miguu mlangoni, wanasugua mikono, wanasogea motoni, na kabla hata ya kuniamkia wanasema, "Leo kuna baridi."

Nawaomba waseme tena.